Mfarishi wa leso za bibi: uzoefu wangu na fundi wa Langoni

Nimelala na mfarishi huu, blanketi la vipande vya nguo vilivyoshonwa pamoja, miezi minne. Umefuliwa mara tatu, na usiku wote wa baridi wa kusi umenifunika mimi na mwanangu mdogo. Sasa naweza kuusemea kwa haki, uzuri wake na pale ulipokosewa.

Bibi alipofariki aliacha sanduku la leso, yaani kanga. Doti zilizokuwa bado hazijakatwa mama na mashangazi waligawana siku ileile. Zikabaki zile alizozivaa jikoni na alizotubebea mgongoni, zimepauka, nyingine zina matundu ya cheche za makaa. Hakuna aliyezitaka, wala hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzifanya matambara ya kupigia deki. Nikazichukua mimi, pamoja na shati tatu za marehemu baba.

Fundi wa kwanza simtaji. Alinishonea kipande cha mfano kwa cherehani, kizuri cha kutazama, na chini yake akatia bitana mpya iliyotoka jorani bila kufuliwa. Nilipokifua nikajua kosa lake. Leso za bibi zilikwisha kunywea miaka mingi iliyopita, bitana ilikuwa ndiyo kwanza inakutana na maji. Ikavuta, na juu kukajaa mikunjo isiyonyooka kwa pasi. Nilishukuru kwamba sikumwachia sanduku zima.

Wa pili nilielekezwa na binamu yangu. Ni mama mtu mzima wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, anayeshonea dakani mwake, kibaraza cha mlangoni, mlango wazi ili apate mwanga. Hakuuliza nataka rangi gani. Alizimwaga leso mkekani, akawa anazichukua moja moja, anaivuta kwa vidole kisha anaiinua mbele ya mlango. Palipopenya mwanga sana, leso ilikwenda kando.

"Hii imechoka, mwanangu. Nikiitia humu itapasuka kabla ya wenzake, nawe utanilaumu."

"Ndiyo bibi yangu aliyokuwa akisalia."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimletee shati za pamba za mtumba, ataishikiza juu ya kitambaa cha shati ipate mgongo. Kwa jibu hilo nikamwachia kila kitu.

Kuhusu hizo shati, nilijifunza mengi kwake. Kipande cha thamani ni cha mgongoni: ni kipana, hakina mfuko wala vifungo, na jasho halijakila kama lilivyokula kola na makwapa. Fulana alizikataa kwa sababu zinavutika, na mraba uliokatwa sawa hugeuka ukiushona. Jinzi ni nzito, ikae na jinzi nyenzake. Poliesta ndiyo inayodanganya, maana sokoni inafanana na pamba. Alinionyesha namna ya kuijua: chomoa uzi kwenye pindo, uuchome. Wa pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, wa poliesta huyeyuka ukawa kishanga kigumu. Sasa huomba ruhusa ya muuzaji kwanza, nami huondoka na hakika.

Huku kwetu mtumba unafika umeshapita mikono mingi, Mombasa hadi gati ya Mokowe kwa gari, kisha unavuka kwa boti, kwa hiyo chaguo ni chache. Shati nyingi nilizipata soko la Kongowea nilipokwenda Mombasa kwa shughuli nyingine, shilingi 50 hadi 100 kila moja. Kumi na mbili zilitosha.

Kabla ya mkasi alitaka kila kitu kifuliwe, na leso nyekundu zisuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Mbili ziliacha rangi. Nilizirudia hadi maji yakatoka meupe. Fueni kwa maji ya Shela, kijiji jirani, mkiyapata, maana ya visima vya mjini yana chumvi, sabuni haitoi povu na nguo hukauka ngumu.

Miraba aliikata nchi 6, ikishaliwa na mshono hubaki nchi 5 na nusu. Katikati aliuacha mji wa leso moja, yaani sehemu yake ya kati, mzima bila kuukata, miraba ikauzunguka. Tumboni alitia blanketi jembamba la zamani nililompa, na chini shuka mbili kuukuu zilizounganishwa. Kisha akazishika tabaka zote tatu kwa bandi, mishono ya mkono, mistari iliyoachana vidole vinne. Hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda na ndipo ninapoisifu kazi yake zaidi. Baada ya kufua mara tatu blanketi halijajikusanya pembeni hata kidogo, na ukipitisha mkono unahisi kila mstari. Mfarishi unapitisha hewa. Lile blanketi la dukani lililojazwa nyuzi za plastiki nililokuwa nalo, hata usiku wa Julai lilinitoa jasho.

Jambo moja nililiomba mwenyewe. Nilimwonyesha kwenye simu mifarishi ya Wasidi wa Karnataka, India, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi kutoka pwani hii ya mashariki. Wanawake wao huishona kwa mkono kutoka nguo kuukuu, wanaanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, na kila pembe huitilia kipembe cha kitambaa wanachokiita phula, yaani ua. Mama fundi aliishika simu muda mrefu, akaikuza picha kwa vidole, akahesabu mishono. Akasema, "Mkono huu naujua." Hakusema zaidi, nami sikumuuliza. Pembe nne za mfarishi wangu zina maua manne, yametoka kwenye shati ya baba ya mistari ya buluu aliyoivaa sikukuu.

Sasa kosa. Leso hiyo ya katikati, chini ya mji, ilikuwa na jina, yaani maneno yake, WEMA HAUOZI, nami nilisema kwa mdomo wangu kwamba jina lisikatwe. Lakini mkasi uliingia katikati ya neno la pili. Alilitambua mwenyewe kabla sijafika, akaunganisha, lakini mshono unakula robo nchi kila upande, na herufi O imebaki nyembamba kama punje ya mchele. Niliumia. Aliniomba radhi, akanipunguzia shilingi 500, akataka kutoa kipande chote na kutia kingine. Nikakataa, kwa sababu leso nyingine yenye jina hilo sina. Ukimpelekea leso, usitegemee maneno: piga bandi ya uzi mweusi kulizunguka jina kabla hujamkabidhi, aione mkasi ukiwa mkononi.

Pia alichelewa. Aliniahidi wiki nne, zikawa saba. Nilipita mara mbili nikakuta mlango umefungwa, na simu haikupokelewa. Nilikuja kujua kulikuwa na harusi kwao. Ningeambiwa, nisingekuwa na neno.

Gharama: ufundi shilingi 6,000 baada ya hilo punguzo, uzi na sindano alitia yeye. Shati zilinigharimu kama 900. Ni wa kitanda cha futi 5 kwa 6, unashuka vizuri pande zote mbili. Anayetaka kitu cha haraka cha kumpa mgeni zawadi wiki ijayo, si hapa. Anayetaka mwonekano wa dukani, kila mshono umenyooka kama rula, pia hatafurahi, bandi za mkono zinatembea. Mwenye sanduku ambalo hawezi kulitupa wala kulivaa, ampelekee.

Mama yangu alipouona mara ya kwanza hakusema lolote juu ya herufi O. Aliutafuta mraba wa leso ya njano yenye tundu la cheche, fundi amelizungushia uzi bila kuliziba, akaweka kidole hapo. Alisema tundu hilo liliingia siku ya kupika pilau ya harusi yake.

Mfuko wa pili, nguo za utotoni za wanangu, nimeshaupeleka. Safari hii majina yote nimeyazungushia uzi mweusi.