Kumtafuta Clark ndani ya FreeBMD
Kwa huduma ya bure, FreeBMD, tovuti ya kutafutia ukoo, inaaibisha nyingi za kulipia. Faharasa zake za vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales zinaanzia Julai 1837. Chukua Clark, jina lililotokana na karani au mtu wa kanisa aliyejua kusoma: bila kuwasha utafutaji wa matamshi, akina Clarke watakupita. Taja wilaya pia, maana Clark ni wengi mno. Robo ya mwaka inayoonyeshwa kwenye faharasa ni ya kuandikishwa, si ya kuzaliwa. Mtoto wa Desemba huenda yuko kwenye robo ya Machi (Januari hadi Machi) ya mwaka unaofuata. Jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa? Linaonyeshwa kuanzia robo ya Septemba 1911. Kabla ya hapo, liangalie kwenye faharasa ya mtandaoni ya GRO, ofisi kuu ya usajili, au nunua cheti.