Kufuta diski kabla ya kuuza kompyuta: DBAN, ShredOS au menyu ya BIOS?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Hapa mezani nina laptopu mbili, zote HP EliteBook, hizi za mtumba zilizojaa maofisini. Ya kushoto ni ya zamani, bado ina diski ya kuzunguka ya GB 500. Ya kulia ina SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, aina ya NVMe, kale kakadi kadogo kanachochomekwa moja kwa moja kwenye bodi. Zote zinaenda kuuzwa wiki hii, na mwenye nazo kaniuliza swali lile lile mnalonijazia kwenye maoni: nitumie programu gani ili anayenunua asirudishe vitu vyangu?

Jibu nalitoa mapema, mwenye haraka asisubiri. Usichague kwa umaarufu wa programu, wala kwa idadi ya mizunguko inayojisifia, yaani mara ngapi inaandika upya diski nzima. Angalia kwanza ndani ya mashine kuna diski ya aina gani. Kama ni ya kuzunguka, chukua ShredOS, programu ya kufuta diski unayoiwasha kwa flashi. Kama ni SSD, achana na programu za kuandika juu ya data, tumia amri ya diski yenyewe. Mara nyingi amri hiyo tayari iko kwenye BIOS yako, ile menyu ya mashine inayofunguka kabla Windows haijawaka, hulipi hata senti. Mnaobaki, tuendelee, maana njiani kuna mitego.

Tuanze na kufomati, kwa sababu najua asilimia kubwa yenu hapo ndipo mnapoishia. Kwenye hii diski ya GB 500 niliweka folda ya picha na PDF za majaribio, kisha nikaifomati kwa Quick Format, ile njia ya haraka ambayo Windows huwa imeshaitilia tiki. Windows inaniambia diski ni tupu. Sasa tazameni kioo. Hii ni PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha faili zilizofutwa, haihitaji uwe fundi. Imetengeneza folda inaitwa recup_dir.1. Naifungua. Majina ya faili yamepotea, kila moja inaitwa f halafu tarakimu ndefu, lakini bonyeza hii hapa... picha hiyo, nzima, haina hata doa. Hii PDF nayo, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yote yapo.

Kwa hiyo kufomati haraka ni kufuta jina la mgeni kwenye daftari la mapokezi, wakati mgeni mwenyewe bado amelala chumbani. Atabaki humo mpaka aje mwingine apewe chumba hicho hicho.

Na usidhani wanaofanya hivi ni sisi wa mtaani tu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Walizokuta zimesafishwa ipasavyo ni 12. Ndani ya zilizobaki kulikuwa na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Mkisema hiyo ni zamani, Septemba 2022 benki ya Morgan Stanley ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani. Kosa mojawapo: kazi ya kuondoa vifaa vya zamani waliipa kampuni ya kuhamisha mizigo, isiyo na ujuzi wowote wa kufuta data, na baadhi ya vifaa vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa na taarifa za wateja ndani. Benki yote ile, na hela zote zile.

Nitende haki kwa Windows lakini. Ukiondoa ile tiki ya Quick Format, kuanzia Windows Vista kuja huku, fomati kamili inaandika sifuri kwenye diski nzima. Kwa diski ya nje ya kuzunguka, hiyo inatosha na wala huhitaji kupakua kitu. Ukipenda kuandika amri, diskpart ya Windows ina amri ya clean all, kazi ni ile ile. Tatizo ni moja: huwezi kufomati C, diski yenye Windows yenyewe, ukiwa umekaa ndani ya C. Hapo ndipo unahitaji kuwasha mashine kwa flashi.

Sasa hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopigwa changa la macho. Ukifungua programu nyingi za kufuta utaona menyu: mzunguko mmoja, mizunguko mitatu ya kijeshi, saba, halafu chini kabisa ile ya kutisha, Gutmann, mizunguko 35. Na sisi kwa akili zetu tunasema, 35 si ndiyo salama zaidi? Hapana. Peter Gutmann aliandika makala yake mwaka 1996, na ile 35 ilikusanya ruwaza za kuandika juu ya kila aina ya diski iliyokuwepo enzi hizo. Hakuna diski moja iliyozihitaji zote. Yeye mwenyewe baadaye aliongeza maelezo akilalamika kwamba watu wamegeuza mizunguko hiyo kuwa kama uganga wa kufukuza mapepo. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ule wa 800-88 uliorekebishwa mwaka 2014, ulisema kwa diski za sumaku za kisasa (ndizo hizi za kuzunguka), kuandika juu mara moja kwa kawaida kunatosha.

Piga hesabu. Diski hii ya laptopu inaandika kwa wastani wa MB 80 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni karibu saa mbili. Mizunguko 35 ni siku mbili na nusu mashine inanguruma mezani. Kwa umeme wetu huu? Na ukikatika katikati unaanza upya. Mzunguko mmoja, halafu uhakiki. Uhakiki ndio wa kudai, siyo idadi.

Haya, DBAN, ile programu ya zamani ya kufuta diski nzima. Hii tumekua nayo, fundi yeyote wa kompyuta aliyeanza kabla ya 2015 ana CD yake mahali. Iliandikwa na Darik Horn, kampuni ya Blancco ikainunua mwaka 2012, na toleo la mwisho, 2.3.0, ni la mwaka 2015. Tangu hapo kimya. Kwenye mashine mpya za UEFI, mfumo uliorithi BIOS ya zamani, inagoma kuwaka mpaka uhangaike na mipangilio, na SSD haikutengenezewa. Halafu kuna ile amri yake ya autonuke. Ukiiandika ukabonyeza Enter, inafuta kila diski inayoiona, bila kukuuliza mara mbili. Kama ulisahau diski ya nje ya mteja imechomekwa, pole. Kwangu mimi DBAN imestaafu kwa heshima. Ukinikuta naitumia ni kwenye mashine kongwe isiyoweza kingine.

Mrithi wake ni nwipe, programu iliyotokana na ile ile iliyokuwa ndani ya DBAN, na njia rahisi ya kuipata ni ShredOS. Unapakua faili moja, unaiandika kwenye flashi kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia, unaingia BIOS na kuzima Secure Boot, kinga inayokataa kuwasha programu isiyoitambua, kisha unawasha mashine kwa flashi. Kwenye HP bonyeza F9 wakati inawaka, kwenye Dell na Lenovo ni F12.

Tazameni, imewaka. Kioo cha buluu, maandishi tu, hakuna mapambo. Katikati ni orodha ya diski: modeli, ukubwa, na namba yake. Simama hapo. Diski mbili ninaziona, moja ya GB 500 na nyingine ya GB 16. Hiyo ya 16 ni flashi yenyewe niliyowashia, nayo imo kwenye orodha! Kwa hiyo soma namba, linganisha na stika iliyo kwenye diski, ndipo ubonyeze kitufe cha nafasi (Space) kuichagua. Ukipenda amani zaidi, chomoa kila kitu kisichohusika. Nikibonyeza M napata njia, nachagua kujaza sifuri. V ni uhakiki, naacha mzunguko wa mwisho uhakikiwe. Kisha S kubwa, yaani Shift na S, na kazi inaanza. Laptopu iwe na betri inayotunza chaji vizuri, au uiunge kwenye UPS.

Nimekata video hapo, sasa imemaliza. Angalia upande huu, makosa sifuri. Hii namba ina maana. Ikikuletea makosa, diski ina sekta mbovu ambazo haikuweza kuziandika, na kilichokuwemo huenda bado kimo. Diski hiyo usiiuze.

Mimi huwa siamini ripoti peke yake, kwa hiyo nahamia dirisha la amri, Alt na F2, na kusoma diski yenyewe kwa hexdump, amri inayoonyesha kilichoandikwa kwenye diski kama tarakimu. Mnaona? Mstari mmoja wa sifuri sifuri sifuri, chini yake nyota, halafu namba ya mwisho wa diski. Ile nyota inamaanisha mistari yote inayofuata ni sawa na huo wa juu. GB 500 nzima zimekuwa mistari mitatu kwenye kioo. Nikirudisha PhotoRec hapa, haipati hata picha moja.

Tuje kwa SSD, na hapa sahau karibu yote niliyosema. SSD ina kontrola yake inayoamua data ikae chipu gani. Ukiiambia iandike sifuri mahali fulani, inaandika mahali pengine papya, pale pa zamani inapaacha ipafute ikipata nafasi. Tena chipu huwa na nafasi ya ziada usiyoiona, ndiyo maana unakuta SSD ya GB 240 ambayo ndani imebeba kama 256. Huko ShredOS haifiki kwa kuandika juu, hata ukizungusha mara mia, unaichosha tu.

Kinachofika ni amri ya kiwandani. Kwa HP nyingi za ofisini, bonyeza F10 kuingia BIOS, nenda Security, kisha Hard Drive Utilities, utaona Secure Erase. Dell Latitude wameiweka chini ya Maintenance, inaitwa Data Wipe. Kama BIOS yako haina, rudi kwenye dirisha la amri la ShredOS. NVMe inatumia nvme format, na hii ya kwangu imemaliza kabla sijanyanyua kikombe. SSD za SATA, aina ya zamani kuliko NVMe, zinatumia hdparm, nazo zina vituko viwili. Cha kwanza, diski inaweza kusema imegandishwa, frozen. Ilaze mashine usingizi kisha iamshe, mara nyingi inakubali. Cha pili, amri inakutaka uiwekee diski nenosiri la muda. Umeme ukikatika hapo katikati, diski inabaki imefungwa, kwa hiyo weka herufi moja tu unayoikumbuka. Na usifanye haya kupitia waya wa USB, adapta nyingi hazipitishi amri hizo. Amri kamili nimeziandika kwenye maelezo chini ya video.

Bado uhakiki unahitajika. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijaribu SSD kadhaa, na mojawapo ikaripoti imefuta kikamilifu ilhali data yote ilikuwa imetulia ndani. Fungua hexdump, angalia kwa macho yako.

Wenye ofisi najua mnasubiri kusikia kuhusu programu za kulipia kama Blancco. Ni nzuri, unalipia leseni, na unachonunua hasa ni cheti chenye ushahidi wa kila diski iliyofutwa. Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019, kwa hiyo shule au zahanati inayotoa kompyuta 40 kwa mkupuo inahitaji karatasi ya kuonyesha. Ila nwipe ya siku hizi nayo inatoa ripoti ya PDF yenye namba ya diski, njia uliyotumia na matokeo. Kwa ofisi ndogo mimi ningeanza na hiyo, hela ya leseni nikanunulia UPS.

Kompyuta unayoinunua leo, washa BitLocker siku ya kwanza, ile zana ya Windows ya kusimba diski, yaani kuifungia data kwa ufunguo wa siri. Diski ikiwa imesimbwa tangu mwanzo, siku ya kuuza unateketeza ufunguo na kilichobaki ni takataka zisizosomeka. Hii inakuokoa hata laptopu ikiibiwa kwenye daladala, ambapo ShredOS haikusaidii kitu.

Na wale wa flashi na memori kadi, nimewaona kwenye maoni. Hizo nyingi hazina amri ya kiwandani. Zijaze sifuri kwa fomati kamili, hiyo inatosha kwa picha za harusi. Kama zilibeba mishahara au majibu ya hospitali, usiuze, ifungue uvunje ile chipu nyeusi yenyewe, siyo plastiki ya nje. Diski ya kuzunguka iliyokufa kabisa nayo toboa sahani zake kwa drili, lakini vaa miwani kwanza: za laptopu nyingi ni kioo ndani, zinaruka vipande.