Yai la malakaiti, Maasai Market ya Jumamosi

Niliwahi kuumwa na nyoka, ndiyo maana naogopa ung'ongo. Mwaka jana duka moja mjini liliniuzia shanga za "malakaiti halisi", lile jiwe la kijani lenye mistari, kwa shilingi 2,500. Zilikuwa nyepesi kama vifuniko vya soda, na kila ushanga una mistari ileile, mahali palepale. Dada yangu alipochomeka sindano ya moto, jikoni pakanuka plastiki.

Kwa hiyo Jumamosi, pale kwenye maegesho ya Mahakama Kuu, Nairobi, sikuwa na haraka. Mzee mmoja Mkongomani hutandika kitambaa chake upande wa kivulini. Mawe yanatoka Kolwezi, huko kwao Kongo. Nikaokota yai la kijani na mkono ukashuka kwa uzito. Baridi pia. Mistari haikufuatana kama ya rula: huku membamba, kule mapana, na upande mmoja duara ndani ya duara, kijani cha majani mabichi hadi kilichokaribia weusi.

"Mzee, naweza kulijaribu?"

"Jaribu, mama. Lakini siki usinitilie kwenye yai, litakufa mng'aro."

Akanipa kipande ambacho hakijasuguliwa. Nikakichora nyuma ya kigae alichokuwa nacho: jiwe jeusi-jeusi, lakini alama yake kijani hafifu. Akaniambia maji yakipita kwenye miamba yenye shaba, jiwe hili huota tabaka juu ya tabaka, miaka na miaka. Nyumbani nilikisaga kipande hicho (nimekilowesha kwanza, vumbi lake lina shaba na si la kuvutwa puani), nikamwagia siki. Vikatoka vipovu vidogo vidogo, polepole, na kufikia asubuhi siki imegeuka kijani-samawati. Shanga za plastiki zingekaa tu zikinitazama.

Bei? Alianzia 4,000, tukamalizana 2,200. Naamini 1,800 ingetosha, ila mvua ilikuwa inanyemelea na miye sina ubishi wa kutosha. Na kuna tundu dogo kwenye kitako limezibwa kwa gundi ya kijani. Sikuliona hadi nilipofika nyumbani na kuwasha taa ya meza. Hilo angenionyesha.

Nampa nne kati ya tano. Ukinunua, usilitie mkoba mmoja na funguo: ni jiwe laini, kisu cha kawaida hulikwaruza. Langu tayari lina mkwaruzo mmoja, wa matatu ya kurudi Umoja.