Tangi la mvua na mipira ya matone: mwaka wangu wa kwanza Kisauni

Kisima chetu hapa Kisauni kina maji ya munyu. Kwa kuoshea uwa hayana neno, lakini biringani na bamia nilizozinywesha ziliungua ncha za majani, na udongo ukafanya ukoko mweupe. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na kununua mitungi ya mkokoteni umwagie mchicha ni hasara tupu.

Mwaka jana, kabla ya masika, nikanunua tangi jeusi la plastiki la lita 2,300, gata za upande mmoja wa paa la mabati, na seti ya mipira ya matone, ile yenye vitundu vya kudondoshea mimea maji tone kwa tone. Hesabu ya mvua ni nyepesi: milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Upande wangu una mita mraba 40, kwa hiyo mvua ya milimita 20 ni kama lita 800, utoe kidogo yanayoruka nje. Mwezi wa Mei tangi lilifurika, na bustani yenyewe imelowa haihitaji hata tone.

Shida ilikuja mvua zilipokatika. Fundi alikuwa ameliweka tangi chini sakafuni, na mistari miwili ya mwisho ikawa mikavu kabisa. Nikamwita.

"Fundi, huku mwisho hakutoki kitu."

"Mama, maji hayana nguvu. Lazima tuliinue."

Hilo angeniambia siku ya kwanza. Kila mita moja ya kimo huyapa maji msukumo mdogo tu, na mipira ya aina yangu haifanyi kazi tangi likiwa chini sakafuni. Ilibidi tungoje tangi lipungue, kisha tujenge jukwaa la mawe ya matumbawe kwa saruji. Msilifanyie mzaha jukwaa: lita 2,300 ni zaidi ya tani mbili, na watoto hucheza hapo chini. Tangu siku hiyo kila tundu linatona.

Chujio nalo ni la lazima. Makunguru hawaachi paa la mtu salama, na majani ya mwembe hujaa kwenye gata. Maji ya mwanzo baada ya kiangazi nayaacha yaende zake, chujio nalisafisha kila Ijumaa. Nilipolisahau wiki tatu, matundu yakaziba na nikashinda asubuhi nzima nikiyazibua kwa sindano. Mdomo wa tangi nimeufunga kwa wavu wa mbu, maana mbu wa dengi hupenda maji safi yaliyotuama.

Kwa ndoo nilikuwa namaliza mitungi mitano, lita 100, kila jioni. Kwa matone, na makumbi ya nazi yakiwa yametandazwa juu ya udongo, lita 40 zinatosha. Tangi lililojaa vuli ilipoisha, mwanzoni mwa Desemba, lilinifikisha wiki ya mwisho ya Januari. Kiangazi cha kaskazi hakikuwa kimekwisha, kwa hiyo ukiwa na nafasi chukua matangi mawili. Mimi la pili naliweka mwaka huu, upande wa pili wa paa.

Mpira mmoja niliupitisha hadi kwenye asmini ya mlangoni, ambayo kwa maji ya kisima ilikuwa majani matupu. Januari hiyo nilichuma maua ya kutosha kutunga vikuba viwili, kimoja nikampelekea mamangu.