Nimeipenda Hosti Hii kwa Ajili ya Kitufe Kimoja

Haya jamani, karibuni. Niko hapa hapa Tanga, Ngamiani, na hizo honi mnazozisikia ni bodaboda, mnivumilie. Hosti hii, yaani kampuni inayokuwekea tovuti yako mtandaoni, jina lake mnaliona hapo chini. Nina miezi minne nayo na nimeilipia kwa hela yangu. Nafasi ya diski na mengine yapo kwenye ukurasa wao, kasomeni.

Mimi nataka mwone hiki. Naingia cPanel, ile sehemu ya kusimamia tovuti yako, nabonyeza Zone Editor. Mmeona? Rekodi zote za DNS, zile zinazosema jina la tovuti linaelekea wapi, ziko wazi, nahariri mwenyewe. Kule nilikokuwa zamani walikuwa wameifunga. Kubadili namba moja tu uwaandikie, wakujibu baada ya siku mbili! Mteja anapiga simu, huna la kumwambia. Iliniuma sana ile.

Chukulia fundi cherehani wa Barabara ya 8 kahamia Barabara ya 12. Jina lake ndiyo domeini, chumba alichopanga ndiyo hosti. Ukiuliza fundi yuko wapi, anayekujibu ni DNS. Sasa, bodaboda aliyeelekezwa mara moja haulizi tena, anakwenda kwa kumbukumbu, hata kama fundi keshahama. Urefu wa kumbukumbu hiyo ndiyo TTL, hii hapa, kwa sekunde. Ilikuwa 14400, yaani masaa manne.

Leo nahamisha tovuti ya nyumba ya wageni ya Raskazone, mwenyewe karidhia niwaonyeshe. DNS nilishaileta hapa mwezi uliopita, tovuti ndiyo bado iko kwa wale wa zamani. Jana jioni nikashusha TTL hadi 300, nikalala, yale masaa manne yakaisha yenyewe. Mafaili yameshapanda. Sasa rekodi A, yenye anwani ya IP, yaani namba ya seva ambako tovuti inakaa: nafuta ya zamani, naandika mpya, nahifadhi. Basi! MX, rekodi ya barua pepe, siigusi, maana barua pepe zao za wageni ziko Google na hazihusiki na kuhama huku. Tunasubiri dakika tano.

Wale mnaoambiwa msubiri masaa 48, hiyo ni ukibadili seva za majina zenyewe, zile zinazotunza rekodi zako za DNS. Kwa .com kumbukumbu yake ni sekunde 172800, siku mbili kamili, na huwezi kuishusha. Ndiyo maana kazi ile ya kuleta DNS hapa niliifanya mapema.

Tukiwa tunasubiri, bei. Hapa wameniudhi. Domeini mwaka wa kwanza rahisi, ukija kulipia mwaka wa pili imepanda, na bei hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo mno. Ulizeni bei ya mwaka wa pili kabla hamjatoa hela. Na domeini iandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi aliyekutengenezea. Nimeona mtu kagombana na fundi wake, jina la duka likabaki kwa fundi.

Ijumaa nitakuwa laivu, tutaweka cheti cha usalama wa tovuti (kile cha https) cha Let's Encrypt, kile cha bure cha siku 90, na namna ya kukifanya kijihuishe chenyewe. Mliouliza kuhusu .co.tz, nanyi njooni siku hiyo.

Haya, dakika tano zimepita. Nachukua simu, nazima Wi-Fi, natumia bando. Naandika jina... angalieni, picha mpya za bahari, kurasa mpya. Imeshahama! Ngoja nirudishe TTL yangu 14400.