Akina Lee wa Virginia au akina Adams wa Massachusetts?

Watu wakitaja familia za mapinduzi ya Marekani wanakimbilia Adams, ila mi naona akina Lee wanasahaulika bure. Hawa walikuwa matajiri wa tumbaku pale Stratford Hall, jumba lao kule Virginia, na mashamba yalilimwa na watumwa, hilo tusilifiche. Richard Henry Lee ndo alileta hoja ya uhuru Juni 7, 1776, John Adams akaunga mkono, halafu Richard na mdogo wake Francis wakasaini Azimio la Uhuru wa Marekani, ndugu wa tumbo moja pekee kwenye ile karatasi. Adams nao walisaini wawili, John na Samuel, ila hao mabinamu tu.

Kwa urais sasa, Lee sifuri, Adams wawili, baba na mwana!