Nimetumia apu ya kuongea na MCA na mbunge wako wiki mbili, haya ndiyo nimeona

Habari zenu wasee, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu mpya wala spika, niko na apu, imetengenezwa na vijana watatu wa hapa hapa Nairobi, bado iko kwa majaribio kwa hivyo jina siwezi taja na usiende kuitafuta Play Store hutaipata. Kazi yake ni hivi, uko na shida mtaani, unaiandika, inafika kwa kiongozi mliyemchagua kwa kura, anakujibu humo ndani. Waliniambia itumie kama mwananchi wa kawaida halafu useme ukweli, na hii kitu naitaka ifanikiwe sana ndio maana nitasema yote.

Nianze na yenye imenifurahisha. Ukiandika shida yako hawakuulizi unamtumia nani. Hapo wamefikiria, juu 2022 tulipewa karatasi sita za kura, rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na MCA, yaani mwakilishi wa wadi, na mpaka wa leo simama pale steji uulize watu seneta hufanya nini uone vile utajibiwa. Watu wanapigia mbunge simu juu ya takataka jamani! Takataka ni ya kaunti, mitaro ya maji ya mvua, chekechea, zahanati, taa za barabarani za mtaa, zote katiba ya 2010 iliweka kwa kaunti, kwa hivyo wa kusumbuliwa kwanza ni MCA. Darasa la shule ya msingi limebomoka, hapo sasa mtafute mbunge na hiyo NG-CDF yake, zile pesa za maendeleo ya eneo bunge. Apu inakupangia yenyewe, na chini inaweka sentensi moja ya kukueleza kwa nini imeenda kwa huyo. Nilijikuta nasoma hizo sentensi hata za shida ambazo sina.

Sasa nikaijaribu na shida ya ukweli. Kuna mtaro karibu na kibanda cha mama mboga wetu hapa Kariobangi South, umeziba na chupa na makaratasi, mvua ikinyesha maji yanapanda mpaka kwa gunia lake la viazi, amelinyanyua juu ya mawe mawili na bado upande wa chini uko na ile rangi nyeusi ya kuloa. Nikapiga picha, nikaandika mistari miwili, nikatuma. GPS ikanipeleka Kariobangi North. Na kama wewe si wa huku utasema si ni hapo tu, hapana, South iko Embakasi West na North iko Embakasi North, MCA mwingine, mbunge mwingine, yaani shida yetu ilikuwa inaenda kwa mtu ambaye hajawahi kutuomba kura. Nairobi iko na wadi 85 kwa maeneo bunge 17, na Embakasi peke yake imekatwa mara tano, GPS ya simu ya bei rahisi ikiteleza kidogo umepotea. Sisi huelekezana kwa steji na shule na kanisa, niulizeni niko karibu na steji gani halafu mnionyeshe wadi nikubali ama nikatae kabla haijatumwa. Nilirudia mara ya pili nikachagua wadi kwa mkono ndio ikaenda.

Na wale mnaishi huku lakini kura mlijiandikisha ushago? Apu inakulazimisha uchague sehemu moja. Hiyo ibadilishwe, mtaro ni wa mahali unalala, lakini mswada ukiwa bungeni unataka kumfikia yule uliyempigia kura.

Haya, kitambulisho. Skrini ya kwanza kabisa wanataka namba ya kitambulisho na picha ya uso. Hapo nilisimama nikakaa na simu mkononi. Mnakumbuka Juni 2024, namba za wabunge zilizunguka kwa magrupu, watu wakawatumia SMS usiku na mchana juu ya Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza ushuru, na tarehe 20 bado 204 wakasema ndio, halafu miezi iliyofuata tukaona vijana walioupinga wanatekwa. Mtu aliyeishi hiyo miezi hawezi kukupa uso wake kabla umwambie utakaa wapi na nani atauona. Sheria ya kulinda data ya 2019 iko wazi, chukua tu unachohitaji. Namba ya simu na wadi zinatosha, na jina langu lisionekane na kila mtu.

Lakini kosa kubwa, na hapa naomba wale vijana wanisikilize, ni kwamba ujumbe ni siri yako na mheshimiwa. Mimi nimeandika juu ya mtaro, jirani ameandika, kinyozi ameandika, kila mtu anafikiri ako peke yake, na mheshimiwa akinyamaza hakuna mwenye anajua amenyamaza. Wekeni ukurasa wa kila wadi, shida, picha, tarehe iliingia, imejibiwa ama bado, na batani ya "hata mimi". Hata kwake ni rahisi, nilikaa na msaidizi wa MCA mmoja akanionyesha WhatsApp yake, karo, matanga, harambee, mtu anaomba kazi, yote yamechanganyika, akasema mtu akimletea picha na mahali na tarehe hiyo anaibeba ofisini siku hiyo hiyo. Na mtu akiuliza pesa za mradi zilienda wapi, sheria ya 2016 ya kupata habari inapea ofisi ya umma siku 21 kujibu, basi apu ihesabu hizo siku watu wote wakiona.

Kiswahili chao kiko juu juu sana, "wasilisha malalamiko yako kwa mwakilishi husika", si uandike tu "andika shida yako".

Nikamwonyesha mama mboga. Akapangusa mikono kwa leso, akaangalia, akatoa kabambe yake, ile simu ndogo ya batani, kwa aproni, akaniuliza, "Sasa kijana wangu, mimi nitaingilia wapi?" Sikuwa na jibu. Wekeni ile ya nyota na reli, vile tunaangalia salio, bila bando.

Kwa sasa naipa sita kwa kumi. Ujumbe wangu wa mtaro leo ni siku ya kumi na mbili, apu inaandika "umesomwa", basi. Jana jioni nilipita pale, mama ameongeza jiwe la tatu.